Samaki wa Wageni

Genoveva hataki kuitwa bibi. Miaka sitini ameipita, magoti yanalalamika kila akipanda ngazi za jengo lake pale Silver Spring, na watoto wa Kitanzania wanaomkuta kwenye duka la unga na mihogo wanamwamkia shikamoo tangu mlangoni. Shikamoo ataipokea, tena kwa raha. Lakini ifike Aprili, miti ichanue kando ya Potomac, halafu umwite bibi akiwa ameshika fimbo yake ya kuvulia. Utajuta kumfahamu. Atakwambia bibi yako yuko nyumbani anakunywa uji, na usogee kidogo maana umesimama pale anapotupia ndoano.

Naam, anavua. Na wewe usikunje uso, waliokunja uso ni wengi na hawakumfanya kitu. Huyu ni mtoto wa Kemondo, Bukoba, ambako baba alikuwa mvuvi, babu mvuvi, kaka zake wote wavuvi, na yeye hakuruhusiwa hata kuuruka wavu uliotandazwa juani. Mwanamke akigusa nyavu, walisema, samaki wananuna na kuhama. Basi akakua anautazama mtumbwi ukiondoka bila yeye. Alipofika Marekani kazi aliyoipata ilikuwa ya kutunza wazee, na hadi leo ndiyo anayoifanya: kuamsha, kuogesha, kulisha, kusikiliza hadithi ileile kila asubuhi na kuicheka kila asubuhi, kwa sababu moyo huo anao.

Mmoja wa wazee hao ndiye aliyemharibu. Alikuwa mstaafu wa posta, mkazi wa Bethesda, mtu wa kiti cha magurudumu na maneno mengi, na baridi ikipungua tu alitaka kupelekwa mtoni, kwenye kihori kimoja, kijighuba cha mto juu kidogo ya Georgetown, pale wanapokodisha boti za makasia. Siku moja mzee akasikia njaa. "Nishikie hii nile mkate wangu," akasema, akampa fimbo. Genoveva akaishika kwa vidole viwili, kama mtu aliyepokezwa mtoto aliyelowa. Hapo hapo samaki akavuta. Mama wee! Alipiga ukelele wa Kihaya uliowarusha bata wa kihori kizima, na mzee akacheka hadi mkate ukamponyoka ukaenda na maji. Basi, ikawa imekwisha. Likizo yake yote ya mwaka sasa anaiweka Aprili, na ukimwalika harusi ya mwezi huo atakutumia zawadi na pole.

Samaki wenyewe wanaitwa shadi. Wanaishi baharini, na kila majira ya kuchipua wanapanda mto kuja kutaga. Zamani walijaa, halafu wakaisha karibu wote, na sasa sheria inasema ukimnasa unamrudisha majini akiwa hai. Hapo ndipo wenzake wa kanisani walipomwona mwehu.

"Yaani unakwenda kupigwa na baridi, unamnasa samaki mzima, halafu unamrudisha?"

"Namrudisha."

"Genoveva, umerogwa na nani?"

Naye hucheka tu. Hajui kueleza ile nguvu inayokuja kupitia uzi hadi kwenye bega, moyo unaruka, na kwa dakika hizo hakuna mtu duniani anayemwita aje amgeuze kitandani. Akiwa pale anajiona ana miaka kumi na miwili. Anaona aibu kulisema, lakini ndivyo ilivyo.

Mwaka huu raha yote hiyo ilikuwa hatarini kupotea. Kuna kituo kinachototolesha vifaranga vya shadi ili warudishwe mtoni waongezeke, na kituo hicho kinahitaji samaki wazazi, madume kwa majike walioiva mayai. Miaka ya nyuma watu wa kituo walikuja na nyavu zao, wakautanda mdomo wa kihori, na wavuvi wa fimbo wakaambiwa wakae nyumbani hadi kazi iishe. Kazi ikiisha, msimu nao umebakiza siku chache tu. Maneno yakawa makali, watu wazima wakakunjiana ngumi kandokando ya maji. Mwishowe akasimama Mzee Nehemiah, Mmarekani mweusi mzaliwa wa Washington, aliyevua pale tangu akivaa kaptura na ambaye wavuvi wote humsikiliza. Akawaambia watu wa kituo, "Tuachieni kihori chetu. Samaki tutawaletea sisi, kwa fimbo zetu, wazima, hadi mlangoni." Wakakubaliana kujaribu msimu mmoja. Mayai yakitosha, nyavu hazirudi tena. Yakipungua, mwakani kihori kinafungwa Aprili yote.

Madume walipatikana hadi wakachosha. Majike ndio walikuwa wa kubembeleza, maana anayetakiwa ni yule aliyeiva kabisa, ukimshika tu mayai yanadondoka. Hata hivyo walijitahidi, na siku ya mwisho ilipofika alikuwa amebaki kutafutwa jike mmoja tu ili mayai yatimie. Genoveva hakulala vizuri. Asubuhi aliweka chumvi kwenye chai.

Na siku hiyohiyo, jamani, ndiyo alikuwa na mgeni. Kaka yake mkubwa, Clement, alikuwa ametoka Kemondo kuja kumtembelea kwa mara ya kwanza. Ni mzee mwembamba, mtaratibu, havui kofia yake ya kanisani hata akiwa sebuleni. Maisha yake yote ameyamaliza juu ya Ziwa Viktoria akivua sato na sangara. Tangu ashuke kwenye ndege alikuwa anamhoji mdogo wake kwa upole wa kuudhi.

"Kwa hiyo, Nove, mwaka jana ulivua wengi?"

"Wengi, kaka."

"Wako wapi?"

"Niliwarudisha majini."

"Aa-haa," alisema Clement, akanywa chai.

Hiyo "aa-haa" ilimkaa Genoveva kooni wiki nzima. Angemwambia mwongo waziwazi angalau wangegombana wakamaliza. Kwa hiyo siku ya mwisho akamfungia chakula na chupa ya chai, akamtia kwenye gari, akampeleka mtoni akaone kwa macho yake.

Gatini walimkuta Venuste, mwenzake Genoveva wa boti. Venuste ni Mkongomani wa Uvira, anafanya kazi kiwandani Manassas, ana mabega ya kupiga kasia na mdomo wa kuhubiri. Mzee Nehemiah naye alikuwepo, anatembea huku na huku na kofia yake mkononi.

"Bado mmoja, Miss G," akasema. "Carmen anakuja na gari la kituo saa kumi na moja. Tusipompa jike leo, tumekwisha."

"Utampata," akasema Genoveva, na sauti yenyewe ikatoka nyembamba.

Clement akaketi gatini juu ya ndoo iliyogeuzwa, koti lake limefungwa vifungo vyote. Genoveva na Venuste wakaingia botini, wakaenda hadi ukingoni mwa mkondo, wakatupa nanga, na Genoveva akatupa kindoano chake chekundu chenye kichwa cha madini ya risasi. Akatupa tena. Na tena. Maboti mengine yalikuwa yametapakaa pale, na mara kwa mara mtu alipiga kelele, halafu akasema kwa huzuni, "Dume." Jua likaanza kuinama upande wa Virginia. Genoveva alisali Salamu Maria mpaka akawa anazichanganya.

Halafu fimbo ikapinda.

"Iyo! Iyo! Mama, achilia uzi kidogo!" Venuste akaruka, boti nusura ipinduke. "Iko na nguvu sana ile! Usivute bado!"

"Sivuti! Kaa chini utatuzamisha, wewe!"

Samaki akaenda kulia, akaenda kushoto, akapita chini ya boti, akaruka juu ya maji akajionyesha ubavu mweupe mpana, na Genoveva akapiga ule ukelele wake. Alikuwa anacheka na kutukana na kusali kwa pamoja, miguu imeachana, kilemba kimemshuka jicho moja. Venuste akamkinga samaki kwa wavu wa mkono, wakamtia kwenye beseni kubwa la maji. Wakamwangalia. Tumbo limejaa, laini. Genoveva akamgusa kidogo tu, na mayai mawili matatu yakadondoka yenyewe.

"Jike," akasema Genoveva.

"Jike!" akapiga kelele Venuste, na neno likaruka kutoka boti hadi boti kwa lugha zote zilizokuwepo. Watu wakapiga makasia kwenye kingo za boti. Genoveva akarusha mikono juu. Ilikuwa furaha ya kitoto kabisa, ya kutaka kukimbia bila sababu.

Wakamrudisha gatini, wakamtia kwenye tenga la wavu lililofungwa majini hapo. Clement akasimama, akainama, akamchungulia kwa muda mrefu.

"Huyu ni dagaa," akasema hatimaye. "Dagaa aliyeshiba. Nimevuka bahari kuja kuona dagaa wa kilo tatu." Lakini macho yalikuwa yanamng'aa, na Genoveva aliyaona.

"Kaka, nakuachia wewe. Huyu ni wa wageni wetu wa kituo, wanakuja kumchukua saa kumi na moja. Mimi narudi kutafuta wa akiba, huwezi kujua."

"Nenda, Nove. Mimi nipo hapa."

Mzee Nehemiah alikuwa ameshapanda barabarani kumfungulia Carmen geti. Boti ikaondoka. Hapo gatini akabaki Clement peke yake, na samaki, na sanduku la zana la Venuste lenye kisu kizuri ndani.

Sasa mtu asimlaani Clement. Kaambiwa samaki ni wa wageni. Wageni ni watu wa serikali, tena wanatoka mbali. Mtu wa Kemondo unamwambia hivyo, unamwachia samaki, unaondoka. Wewe ulitegemea afanye nini?

Genoveva alikuwa ameshatupa nanga palepale mkondoni alipogeuka kumpungia kaka yake mkono. Akamwona amechuchumaa, mgongo kwao, na kiwiko chake cha kulia kinakwenda mbele na nyuma, mbele na nyuma, kwa haraka. Vitu vidogo vinarukaruka juani, vinameta. Kiwiko kile Genoveva alikijua. Alikuwa amekifanya mwenyewe utoto wake wote, nyuma ya nyumba, mbele ya beseni.

"Anapara," akasema taratibu.

"Anafanya nini?" akauliza Venuste.

"Anampara! Anapara magamba! Kaka! Kakaaa! Acha! Mama wee, acha!"

Clement akasikia anaitwa. Akageuka, akatabasamu kwa meno yote, akainua kisu juu na kumpungia.

"Piga kasia, Venuste! Piga!"

Venuste akapiga kasia. Akapiga kwa mabega yote, jasho likamtoka, maji yakachemka pande zote, na boti ikazunguka palepale ilipo. Wakazunguka mara ya pili. Wenzao wa maboti ya jirani walianza kuwaelekeza kwa mikono, na Genoveva akawatukana kwa Kihaya.

"Nanga!" akasema mwishowe. "Venuste, nanga ipo chini!"

"Eh, Mungu wangu," akasema Venuste, akaachia makasia yote mawili, akashikwa na kicheko kibaya kabisa, kile cha msibani, akawa hawezi hata kuvuta kamba. Genoveva akaivuta mwenyewe, huku analia na yeye mwenyewe anacheka, na hicho ndicho kilichomuudhi zaidi.

Walipogonga gati, gari la kituo lilikuwa limeshafika. Carmen alikuwa anashuka na viatu vyake virefu vya mpira. Huyu Carmen ni msichana mchangamfu, wazazi wake ni watu wa El Salvador, na yeye ndiye aliyepigania wavuvi wa fimbo wapewe nafasi. Ofisini kwake walimcheka. Mbele yake alisimama Mzee Clement, kofia kwapani, kapiga goti kidogo kwa heshima. Kwenye mikono yake miwili, juu ya kitambaa safi cha kufunikia chakula, alilala yule jike: ameparwa hana gamba hata moja, amepasuliwa, ametolewa utumbo, amechanjwa ubavuni mistari mitatu sawasawa ili chumvi iingie. Kichwa kipo, kwa sababu kichwa ni cha mgeni.

"Karibuni sana," akasema Clement kwa Kiswahili. "Ni mbichi kabisa."

Mzee Nehemiah alikaa chini kwenye ile ndoo.

"Miss Genoveva," akasema Carmen kwa sauti ndogo. "Huyu ndiye jike wetu?"

"Ndiye." Aprili zote zilimpita Genoveva machoni, moja moja, zikienda zake. "Carmen, ni kaka yangu. Hakujua. Kwetu mgeni humpi samaki mwenye magamba. Ni tusi, ni kama kumwambia karibu nyumbani halafu unampa ufagio. Nilimwambia ni wa wageni, basi akawatendea kama wageni."

Clement aliona nyuso zao. "Nove, nimekosea nini? Walikuwa wanampenda wa kukaanga mzima?"

"Kaka, walimtaka akiwa hai."

"Hai?" Clement akamwangalia samaki, akamwangalia Carmen, akashuka sauti. "Wanakula hai?"

Venuste, aliyekuwa ameanza kutulia, akaangua tena, akajificha nyuma ya gari.

"Wanataka mayai yake, kaka! Wanayatotolesha! Wanazaa samaki wengine!"

"Si ungesema," akajibu Clement. "Mayai ninayo."

Genoveva akatafsiri kabla hajaelewa anatafsiri nini. Carmen akainua kichwa. Clement akaenda kwenye kikapu cha chakula, akatoa bakuli lenye kifuniko, akalifungua kwa fahari. Mayai yalijaa hadi juu, ya rangi ya asali. Alikuwa ameyaweka kando yawe zawadi ya pili, ya mama mwenye nyumba, yeyote atakayekuwa.

"Muulize kama ameyaosha," akasema Carmen, na sasa sauti yake ilikuwa imebadilika.

Genoveva akauliza. Clement akaudhika kweli, kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Mayai ya samaki yaoshwe? Waitu! Ladha itabaki wapi? Nani aliwafundisha hawa kupika?"

"Hayajaoshwa," akatafsiri Genoveva.

"Hayakuguswa na maji kabisa?"

"Nimelifuta bakuli kwa kitambaa kikavu," akasema Clement, "na nikalifunika kwa kofia yangu, jua lisipige."

Carmen alimpokonya bakuli mkononi akakimbia. Alikimbia na mabuti yake, kwa-kwa-kwa, hadi nyuma ya gari kwenye tangi la madume, na huku anakimbia anaeleza kwa kelele: yai la samaki likiguswa na maji linafunga mlango wake, na kama mbegu ya dume haijaingia, ndiyo basi. Likiwa kavu linaweza kungoja kidogo. Kidogo tu! Akatoa dume, akamkamua juu ya bakuli, akamtoa wa pili, akakoroga kwa kidole taratibu, ndipo akachota maji ya mto akamimina.

"Sasa?" akauliza Genoveva.

"Sasa tunangoja. Yakivimba na kubaki maangavu, yako hai. Yakigeuka meupe, yamekufa."

Mzee Nehemiah alisimama kutoka kwenye ndoo. "Dada Carmen, nikuulize kitu. Makubaliano yetu yanasema jike, au yanasema mayai?"

Carmen akafikiri, na mdomo ukaanza kumcheza pembeni. "Yanasema mayai."

"Basi," akasema Mzee Nehemiah, akavaa kofia yake.

Wakangoja. Wavuvi wa maboti mengine wakasogea mmoja mmoja, habari ikasambaa, na kila aliyeisikia alikwenda kumtazama yule samaki na mistari yake mitatu ubavuni, akarudi ameziba mdomo. Clement akawagawia chai. Carmen alikumbuka kwamba hata magamba anayahitaji, ndiyo yanayoonyesha umri wa samaki, akauliza yako wapi. Clement akaonyesha mto. Lakini mtu anayepara kwa kasi ile hakosi kujirushia, kwa hiyo Carmen akachukua kikoleo chake kidogo, akamsimamisha mzee kwenye mwanga, akaanza kumchambua. Akatoa gamba kwenye kola. Akatoa gamba nyuma ya sikio. Akatoa moja zuri sana kwenye nyusi, na Clement akasimama wima amefumba macho, kama mtu anayenyolewa na kinyozi asiyemjua.

"Dada huyu ameolewa?" akauliza bila kufumbua macho. "Ana mkono mwepesi."

Genoveva alicheka hadi mbavu zikamuuma, halafu akatazama bakuli na kicheko kikakatika. Aliogopa. Aliogopa waziwazi, mikono imebana kifuani, midomo ikienda. Venuste alisimama kando yake akisali kwa sauti, akimkumbusha Mungu kwamba Yeye mwenyewe aliwahi kuhangaika na wavuvi na anajua shida zao. Watu ambao hawakujua neno moja la Kiswahili walisema amina.

Jua lilikuwa limegusa miti Carmen alipomimina mayai kwenye chupa ya kioo na kuiinua juu. Yalikuwa yamevimba, kila moja limesimama peke yake. Akaizungusha chupa taratibu. Kulikuwa na meupe, ndiyo, hapa moja na pale moja. Mengine yote, chupa nzima, yaliangaza, na miti ya ng'ambo ikaonekana kupitia kwake.

"Yako hai," akasema Carmen. "Yanatosha. Yanazidi!"

Wewe! Genoveva alipiga vigelegele hadi Georgetown wakajua. Venuste alimbeba Mzee Nehemiah, Mzee Nehemiah akamwambia amshushe, Venuste hakumshusha. Carmen alikuwa anaruka na chupa ameikumbatia, akakumbuka imebeba nini, akaacha kuruka. Wanaume wazima waliokunjiana ngumi mwaka juzi walikuwa wanakumbatiana na mtu wa kituo, na mmoja wao alimshika Clement mkono akautikisa muda mrefu, akimwambia kwa Kiingereza mambo ambayo Clement aliyaitikia yote kwa "asante, na wewe pia."

Fujo ilipopungua kidogo Genoveva akamvuta kaka yake pembeni, bado anahema.

"Kaka, hebu niambie ukweli. Wewe tangu uzaliwe hujawahi kupara samaki. Ulikuwa unawabwaga mlangoni unakwenda kuoga, tunapara sisi. Hata kisu ulikuwa hukitazami. Leo ulipatwa na nini?"

Clement akamshangaa, akaona swali lenyewe halina akili.

"Sasa nani angempara, Nove? Kwetu mvuvi anapara samaki wake? Mvuvi akirudi anapumzika. Anayepara ni aliyebaki nchi kavu." Akaonyesha kwa kidevu ile boti iliyofungwa vibaya gatini. "Wewe ulikuwa majini. Nchi kavu nilikuwa mimi."

Genoveva akaitazama boti, akamtazama kaka yake. Halafu kicheko kikamtoka, machozi nayo yakatoka, akakaa chini palepale kwenye mbao za gati. Clement akakaa kando yake na koti lake la vifungo vyote. Akatikisa chupa ya chai, akaimimina iliyobaki kwenye kifuniko, akampa kwa mikono miwili.